Vishimo Kwenye Zulia

Dawati lina miguu minne na skrubu nane.
Najua, maana mara tatu nimelifungua
mara tatu nimelifunga,
na zulia la Seneti ya jimbo, hapa Augusta,
bado lina vishimo kila lilipokaa,
kama mbuzi alifungwa hapo akasahauliwa.

Kwanza lilikaa kushoto, kwenye chama cha punda.
Alden Pelkey alikuja na matope ya mtoni viatuni,
mtoto wa mchemsha rojo kiwanda cha karatasi,
shati kifungo hadi kooni.
Alinipa mkono kabla ya wakubwa.
Akaniuliza jina. Mwinchande, nikasema.
Likamshinda. Kesho yake akajaribu tena,
likamshinda tena.

Mwaka wa sita kiwanda kikafungwa.
Mwaka wa saba, Januari, theluji imefika madirishani,
nikaitwa usiku: lete bisibisi.
Nikalivusha ile njia ya katikati, hatua kumi na moja,
hadi kwa tembo.
Kwetu wangesema kaunga mkono juhudi.
Huku walisema dhamiri imemsukuma.
Dhamiri!
Aliyesukuma ni mimi, na mgongo ninao hadi leo.

Bi Corliss, aliyekunywa naye kahawa miaka sita,
akawa anampita kama anavyoipita ndoo yangu ya deki.
Kulia walimpigia makofi siku mbili.
Ya tatu wakampa jembe:
mswada wa kupunguza pensheni za viwandani,
atie saini wa kwanza.
Akakataa. Au tuseme hakukataa,
alitoka msalani kura imeshapigwa.

Basi akawa hana chama.
Mtu asiye na chama anawekwa wapi?
Tafuta, wakaniambia.
Nikalisukuma nyuma kabisa, kando ya redieta
inayogonga mchana na usiku
kama mtu aliyezikwa hajafa.
Miezi kumi na minane alikaa pale, koti begani,
akiandika, sijui nini,
mimi na deki yangu, yeye na kalamu yake,
jengo zima limekwenda kula.
Siku moja akasema, "Mwinchande,"
alikuwa ameliweza sasa,
"wewe ungekaa wapi?"
Nikamjibu mimi sikai. Nafagia.

Mara ya tatu ni kurudi.
Kushoto kulekule, ila vile vishimo vya zamani
havikulitambua. Zulia lilikuwa limepumua,
nyuzi zimesimama, dawati likawa linayumba.
Nikakunja kadi ya kampeni yake, ya enzi za tembo,
mara nne,
nikaitia chini ya mguu mmoja. Likatulia.

Novemba watu wa kwao wakamwangusha.
Pande zote mbili zikafurahi,
na tangu niajiriwe sijaona jambo jingine
zilizokubaliana upesi namna ile.

Leo nabandua bamba la jina.
Drooni kuna karatasi nene, za kiwanda kile,
majina mia tatu na kumi na mawili kwa mkono wake,
kila jina na senti zake za uzeeni,
mengine yana alama ya vema, mengine msalaba.
Nimesimama nayo muda mrefu.
Sijui msalaba ni wa aliyekosa
au wa aliyekufa.

Wenzangu wa usafi wanamcheka:
popo yule, kwa ndege mnyama, kwa wanyama ndege.
Nami nacheka, kinywa kikiwa wazi
naikumbuka Bangor,
chumba cha mahakama, mkono wa kulia juu,
nikikana kwa Kiingereza cha kukariri
nchi iliyonizaa.
Jioni ile nilisonga ugali kama kawaida.
Hakuna aliyeniuliza nimeacha vishimo wapi.

Naichomoa ile kadi.
Dawati linainama upande mmoja, kidogo tu,
kama anayetaka kusikia vizuri.
Nalishika lisianguke,
bisibisi mkono wa pili,
nasubiri waseme linakwenda wapi.